Nilipoacha Chokoleti, Wakasema Nimelishwa Karuho

Kama uko mutu wa Goma na dokta amekuambia uache chokoleti, sikia neno langu moja kabla hujaacha: tangaza. Waambie watu wa nyumbani, mwambie jirani, waambie na wale wa kanisa. Sema, "Nimeanza kukonda kwa kutaka kwangu." Mimi sikusema. Nilikonda kimya, na ndugu yangu wa tumbo moja akapita katika kimya changu akamufukuza mutoto wa watu. Kichwa kilichokuwa kinaniuma kilipona zamani. Huyu ndugu bado sijamaliza naye.

Jina langu ni Paluku. Nilitoka Butembo nikiwa kijana, nikaanza kwa kusukuma chukudu, ule mukokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, nikibeba makaa na viazi vya watu wengine. Shule niliacha kabla sijajua kugawanya. Leo niko na duka la vitu vya kujengea: simenti, bati, misumari, rangi. Hakuna aliyenishika mukono. Ninasema hivi ili ujue kwamba anayekupa habari ya chokoleti si mutu aliyelelewa kwa peremende. Kwetu sukari tuliiona siku ya wageni, na wageni ndio walioikula.

Chokoleti ilinipata Bunagana, mpakani, malori yangu yakingoja karatasi za douane, za ushuru. Kungoja kule kunamumaliza mutu. Wenzangu walikunywa bia, wengine walitafuta wanawake. Mimi nilinunua chokoleti kwenye kibanda, nikapanda kabini, nikapandisha kioo, nikala peke yangu polepole kama mutu anayesali. Lori likipita, nilikula ya furaha. Lori likizuiwa, nilikula ya hasira. Miaka ikaenda hivyo, mpaka sikuhitaji tena lori. Zilikuwa dukani nyuma ya makopo ya rangi, zilikuwa chini ya kitanda, zilikuwa ndani ya koti la misa.

Mama wa watoto wangu alishakufa. Anayenipikia ni Zaina, muke wa mutoto wangu Kambale. Ni binti wa Papa Ramazani, dereva aliyestaafu, Waislamu wa mutaa wa Mapendo wenye asili ya Maniema. Ndoa ile mudogo wangu Kasereka hakuitaka. Alikuwa ameisha kuchagua binti mwingine kule Butembo, Mukatoliki, mwenye kusema Kinande, lugha yetu. Nilimujibu kwamba anayeoa ni Kambale. Kasereka akanywa bia ya arusi, akacheza, akaenda kwake na kitu kimekaa rohoni.

Mwisho wa kiangazi kile, vumbi likiwa limefunika hata majani ya migomba, miguu yangu ikaanza kuwaka kama nimeiweka karibu na jiko. Nilikuwa ninakunywa maji na kiu haiishi. Nikaenda santé, kituo chetu cha afya. Ukifika pale unakaa kwenye benchi, na ile benchi haina mukubwa wala mudogo. Nilikaa kati ya mama mwenye mutoto wa kikohozi na dereva mmoja mwenye mukono uliofungwa. Nilikaa mpaka matako yakakufa ganzi. Mimi ambaye dukani watu wananingoja.

Walikuwa wameisha kunitoboa kidole. Infirmière, muuguzi wa pale, akaja na majibu mukononi, binti wa juzi tu, sauti kama ya muuza samaki.

"Muzee, munakunywa pombe?"

"Hapana."

"Soda?"

"Kidogo."

"Sasa hii sukari yote inatoka wapi?"

Nikatazama ukuta. Nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Chokoleti?" Benchi nzima ikageuka. "Ngapi kwa siku?"

"Mama, andika tu nyingi."

Yule dereva akacheka mpaka akajishika mukono wake mugonjwa. "Muzee, hiyo si muke mwenye watoto. Inaachika."

Infirmière hakucheka. Alinipa vidonge, akaniambia nipunguze wali na ugali, na chokoleti niache yote, si nusu. "Kichwa kitawauma sana," akasema. "Mutakuwa na hasira, mutatamani kuliko mama mwenye mimba. Musikimbilie dawa ya malaria. Vumilieni, itapita. Murudi mvua ikianza, tupime tena."

Nilirudi nyumbani nikazikusanya zote katika mufuko, za koti, za chini ya kitanda, na zile za dukani, nikamuita Zaina.

"Tupa ndani ya choo. Na usimwambie mutu."

Akatazama mufuko, akanitazama. "Hata Kambale, papa?"

"Hata Kambale. Sitaki wanicheke."

"Sawa, papa." Akaenda. Hakuuliza tena, wala siku ile wala siku nyingine.

Sasa nikuambie vile inakuwa, maana hakuna aliyeniambia mimi vizuri. Siku ya kwanza unajiona mwanaume. Siku ya pili, saa za mchana, kichwa kinaanza nyuma ya jicho. Mimi ninauza misumari ya bati, ninaijua. Ilikuwa kama mutu amepanda juu ya kichwa changu na nyundo, anapigilia bati jipya, na hana haraka. Mwanga unaumiza. Sauti ya mashine ya kusaga ya jirani inaumiza. Halafu kuna tamaa. Ulimi unajaa maji bila kuuliza. Niliona rangi ya kahawia ya mbao nikameza mate. Nilimutukana muteja mwaminifu kwa sababu tu alikuwa anatafuna kitu na sikujua ni nini. Kanisani, padri akiinua hostia, mimi nilikuwa ninafikiri Bunagana.

Mvua zikaanza mapema. Ukiwa na kichwa kile, mvua juu ya bati ni adhabu. Zaina bila kuambiwa akahamisha godoro langu katika chumba chenye plafond, dari ya mbao, ambamo kelele inafika kidogo. Akawa ananichemshia tangawizi bila sukari. Akawa anakaanga karanga chache na kuziweka kwenye kisahani karibu na mukono wangu, ili mukono upate kazi ya kufanya. Alizima redio ya jikoni, na redio ile anaipenda. Wewe unayeacha, tafuta mutu wa namna hiyo. Ukimupata, mulinde vizuri kuliko mimi.

Mwili ukaanza kushuka. Suruali ikahitaji tundu jipya kwenye mukanda, kisha lingine. Mashavu yakaingia ndani. Kwa mutu wa kijiji hiyo ni njaa. Kwa mufanyabiashara wa Goma, mwenye duka, mwenye kitambi kilichojulikana mpaka sokoni, akianza kushika kichwa na kukonda kwa haraka, watu hawasemi njaa. Wanasema karuho, ile sumu ya polepole, inayowekwa katika chakula na mutu wa karibu.

Wa kwanza kusema alikuwa Kasereka. Alikuja akakaa pembeni ya godoro, kofia juu ya magoti.

"Kaka, nani anakupikia?"

"Unamujua."

"Ninamujua. Ndiyo maana ninauliza."

"Ni kichwa tu. Kitapita."

"Kitapita na wewe. Jiangalie shingo. Baba yetu alikufa muzee, na shingo yake ilikuwa nene kuliko hiyo."

Ningesema palepale: ni chokoleti. Lakini ningemwambia Kasereka, ambaye tangu utoto ananiogopa, kwamba ninalia kitandani kwa sababu ya utamu? Na kusema kweli, nyundo ilipopiga siku nyingi bila kupumzika, nikaanza kujiuliza kama yule infirmière anajua kitu. Kasereka alipoleta gari la rafiki yake, niliingia.

Alinipeleka kwa mama mmoja anayetapisha watu sumu, juu ya barabara ya Rumangabo. Sitaki kueleza mengi. Unakunywa majani yaliyosagwa, mabichi, machungu, na unatapika mpaka unaona nyota mchana. Mama yule akachokoa ndani ya beseni na kijiti.

"Munaona ile nyeusi? Ile ndiyo sumu."

Nikaangalia. Ilikuwa majani yake mwenyewe aliyoninywesha asubuhi. Nikamwambia. Akanijibu kwamba wagonjwa wa karuho wanakuwa na kiburi. Kasereka akatingisha kichwa kama padri. Kisha akasema anarudi mujini kuangalia nyumba yangu, mimi nilale palepale mpaka nisafishwe vizuri. Nililala pale kama nguo mbovu, natapishwa asubuhi na jioni, na yeye akaenda kuangalia nyumba.

Niliporudi, jiko lilikuwa baridi. Mama Jeanne, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyenieleza. Kasereka alikuja na vijana wawili wa famille, wa ukoo wetu, akamusimamisha Zaina katikati ya kiwanja, watu wakitazama juu ya ukuta wa mawe. Kambale alikuwa Bunagana na lori.

"Akamuuliza, ulimuwekea muzee nini?" Mama Jeanne akasema. "Mutoto akajibu, 'Mumuulize papa mwenyewe.' Akamuuliza tena. Akajibu neno lile lile. Basi wakatupa vitenge vyake inje, wakamwambia arudi kwao Mapendo na uchawi wake."

"Hakusema kitu kingine?"

"Kitu gani kingine, papa? Kulikuwa kitu?"

Kulikuwa. Neno moja tu lingemuokoa, alikuwa nalo mudomoni, na hakulitoa kwa sababu mimi nilimwambia asimwambie mutu. Binti wa watu wengine alitunza aibu yangu ya mutoto mudogo mbele ya umati unaomuita muchawi. Damu yangu ndiyo ilimutupa barabarani. Na katika muji huu jina la muchawi halifutiki na mvua. Linaweza kumufuata mwanamuke mpaka mutu amurushie jiwe.

Kichwa, wakati huo, kilikuwa kimeacha kuuma. Kasereka alikuwa ameisha kutangaza kwamba ni dawa ya mama wa Rumangabo iliyoniponya. Nikaenda santé, nikakaa tena kwenye benchi, nikatobolewa kidole. Sukari ilikuwa imeshuka.

"Kichwa?" infirmière akauliza.

"Kimepoa."

"Niliwaambia. Lakini mbona munaonekana kama mutu aliyetoka kaburini? Nani amewatapisha?"

Nikamwambia. Alinigombeza mbele ya watu wote, yule binti, na mimi nikamuacha anigombeze. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa ninafikiri mambo mengine.

Nilipotoka pale, tamaa ikanipiga kuliko siku zote. Jua hili, wewe unayesoma: kichwa kinaisha, tamaa inangoja siku yako ya hasira. Nilisimama kwenye kibanda, nikanunua moja, nikaishika mukononi. Karatasi ikalia vile inalia. Nikairudisha juu ya meza.

"Papa, mumeisha kulipa," muuzaji akasema.

"Kaa nayo."

Kula ile kungenituliza, na mimi sikutaka kutulia. Nilitaka hasira yangu ibaki na njaa.

Kambale alifika kutoka Bunagana macho mekundu, anatafuta baba yake mudogo ili amuvunje. Nikamwambia akae chini. "Ukimupiga, itaisha leo. Mimi sitaki iishe leo."

Nikaita famille nzima kwangu, baada ya misa ya siku ya yenga, Jumapili. Walikuja wote, maana Kasereka aliwaambia kaka anataka kumushukuru mbele ya watu. Alivaa suti. Alikaa karibu na mimi, akakohoa.

"Kaka amepona," akaanza. "Mungu ni mukubwa. Na yule nyoka tumeisha kumutoa."

"Nilikuwa na ugonjwa gani?" nikamuuliza.

"Karuho. Kila mutu aliona."

"Nilikuwa nimeacha chokoleti."

Wakanitazama. Shangazi yetu, Mama Kavira, muzee kuliko wote, akaweka mukono nyuma ya sikio. "Ameacha nini?"

"Chokoleti, shangazi. Tamu ile ya watoto. Nilikuwa ninaikula kila siku tangu miaka ya malori, infirmière akanikataza, nikaacha, kichwa kikauma, nikakonda. Zaina alijua. Mimi nilimukataza kusema."

Mama Kavira akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikateleza, na wengine wakamufuata, vijana, wake zao, watu wanaokula kwa jasho langu, wakimucheka Paluku wa chokoleti. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimeisha kuhesabu kicheko kile kama bei, na niliilipa yote bila kuomba ipunguzwe. Walipomaliza, nikamugeukia Kasereka, ambaye peke yake hakuwa anacheka.

"Sasa wewe."

"Kaka, nilifanya kwa ajili ya maisha yako."

"Kwetu mutu akimuchafulia jina binti wa watu, anafanya nini?"

Akavuta mikono ya suti. Mama Kavira akajibu kwa niaba yake, na hakuwa anacheka tena. "Anapeleka mbuzi. Mbuzi wa kwake mwenyewe."

"Atamupeleka," nikasema. "Kwa miguu. Sitoi gari, na asikodi."

Tulikwenda asubuhi, saa soko limejaa. Nilimwambia avae ile suti. Yeye mbele na kamba, mbuzi hataki kutembea, mimi na Kambale na Mama Kavira nyuma. Mawe yetu meusi ya volkano yanajulikana, hayana huruma na viatu vya misa. Mbuzi alilala chini mbele ya wauza vitenge, Kasereka akamuvuta, akamusukuma, akamubembeleza. Mama mmoja akamuita, "Papa, munaoa tena?" Kasereka akainamisha uso. Mimi nilitembea polepole, na suruali yangu iliyolegea, na mukanda wenye matundu mapya, na nilifurahi kila hatua. Sitakudanganya kwamba nilimuhurumia.

Papa Ramazani alitupokea mulangoni. Hakutukaribisha ndani.

"Huyu mbuzi ni wa nani?"

"Ni wa huyu mwenye kamba," nikasema.

"Na mwenye kamba hana mudomo?"

Kasereka akasema. Alisema kidogo, Papa Ramazani akamwambia arudie ili majirani wasikie, kwa sababu jina la muchawi lilifika Mapendo kabla ya binti yake. Akarudia kwa nguvu. Akasema, "Zaina hakumulisha kaka yangu kitu. Mimi nilisema uongo." Watu walikuwa wamejaa njiani. Papa Ramazani akachukua kamba, kwa sababu yeye ndiye atakayechinja kwa vile dini yao inavyotaka, na ndipo akamuita binti yake.

Zaina akatoka. Alikuwa amekonda pia, bila dokta kumwambia. Nikamwambia, mbele ya baba yake, "Mwanangu, siri ile nimeisha kuitoa mwenyewe. Wamenicheka vizuri. Rudi nyumbani."

"Nitarudi kwa sababu yenu, papa, na kwa sababu ya Kambale," akasema. "Lakini kurudi tu hakutoshi. Watu watasema amerudi, tuone nani atakufa." Akamugeukia Kasereka. Sauti yake ilikuwa ya heshima, ile heshima ambayo inakata. "Baba mudogo, mutakuja kula kwangu. Inje kwenye kiwanja, palepale muliponisimamisha. Kila yenga."

"Mpaka lini?" Kasereka akauliza.

"Mpaka watu waache kutazama."

Nilitafuta malipizi katika vichwa vyote vya watu wa biashara ninaowajua, na nililala macho wazi nikiyatafuta, na sikufikiri kitu kizuri namna ile. Kambale akaangalia chini ili asionekane anatabasamu.

Basi sasa ni hivyo. Kiangazi kingine kimefika. Sukari yangu wanaipima, inakaa mahali pake, na infirmière ananipa kiti badala ya benchi. Bunagana ninapeleka Kambale, mimi siendi, maana kile kibanda ninakijua. Karanga bado ziko karibu na mukono. Siku mbaya zinakuja, ninakunywa maji mengi, ninatembea mpaka dukani na kurudi, na zinapita. Na wewe zitapita. Usimeze dawa ya kitu usichougua, na usiache mutu akuchagulie mwenye kosa wakati kichwa kinakuuma.

Na kila siku ya yenga, baada ya misa, meza inawekwa inje. Mama Jeanne yuko juu ya ukuta, na wengine. Zaina analeta sombe ya majani ya mihogo, samaki na fufu, anamuwekea Kasereka wa kwanza. Ndugu yangu anasubiri mimi nianze. Sianzi. Ninaeleza habari za bei ya bati, ninaeleza habari za mvua, chakula kinatoa mvuke mbele yake, na jasho linaanza kwenye paji la uso, maana yeye mwenyewe aliwafundisha watu wote hawa kuamini kwamba mukono ule unaua. Mwishoni anakata tonge. Anatafuna kama mutu anayetafuna kamba. Anameza, na ukuta mzima unameza naye.

"Chumvi inatosha, baba mudogo?"

"Inatosha."

"Niwaongeze?"

Ndugu yangu ananitazama. Mimi namutazama pia, mpaka anamusukumia Zaina sahani ijazwe tena.